Mbio za Magari Ambazo Hazikufika Garissa

Vijana wangu, nimekipokea kijitabu chenu cha msimu mpya wa mbio za magari, pamoja na ombi lenu kwamba nikipitie kwa jicho la mzee. Nimekipitia. Ukurasa wa kwanza una picha ya gari likiwa hewani. Wa pili una picha ya gari hilohilo likiwa limetua. Wa tatu una salamu za mwenyekiti, ambaye anafurahi. Wa nne una salamu za makamu wake, ambaye naye anafurahi. Tarehe ya raundi ya kwanza nimeikuta mbali huko ndani, chini ya tangazo la betri, na nchi itakakofanyika nimeikuta ukurasa mwingine kabisa, kana kwamba tarehe na mahali walipeana talaka na kila mmoja akarudi kwao.

Kwanza tuliondoe hilo la uzee. Nimetimiza miaka hamsini na mitano, umri ambao serikali huamini kwamba akili ya mtu huisha Ijumaa jioni baada ya soda na keki. Shahada yangu ya historia ingali ukutani, ikikinga ufa. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa kuwaambia watu magari yatapita wapi, lini, na wao wasimame upande gani wasigongwe. Mwenyewe sijawahi kuendesha kwa kasi. Mke wangu husema nikiwa kwenye usukani hata kuku huvuka barabara akitafakari. Lakini kazi naijua, na niliifundishwa mahali ambapo sikuona hata gari moja la mashindano: Garissa, wakati wa vita vya shifta.

Kwa mliozaliwa juzi, niwaeleze kidogo. Tulipopata uhuru, watu wengi wa Kaskazini Mashariki walitaka sehemu yao ijitenge iungane na Somalia. Serikali ikakataa, bunduki zikaanza kujibizana, na jeshi likaja. Wafugaji wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge, wao na mifugo yao. Aliyekutwa nje ya mpaka bila kibali alihesabiwa kuwa shifta, yaani jambazi mwenye silaha, na ng'ombe wake wakahesabiwa kuwa ng'ombe wa shifta, ingawa ng'ombe hakuwa ameulizwa.

Katikati ya hayo, wakubwa wa Nairobi waliamua kwamba kitu wanachokikosa wananchi wa Garissa ni habari za ubingwa wa kimataifa wa mbio za magari. Raundi ya nchi yetu ilipangwa ipande kutoka pwani, ipite Bura, iguse Garissa, kisha ielekee magharibi. Dunia ingeona magari yakipita na kusema, kumbe huko kumetulia. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu wino haujakauka, nikatumwa niwe karani wa habari. Nyumbani Mwatate mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimepewa Kaskazini Mashariki yote.

Nilichopewa kilikuwa ubao mweusi, sanduku la chaki, na mkubwa mmoja mwenye kofia.

Kofia hiyo ilikuwa ile ngumu ya wazungu, aliyoachiwa na mzungu aliyemtangulia pamoja na kiti na tabia. Watu wa Garissa wana mtindo wa kumpa kila mtu jina la utani, na hawakupi la kukubembeleza. Mwenye chongo ataitwa Chongo mbele ya wakwe zake. Mkubwa wangu walimwita Koofiyadle, yaani mwenye kofia. Mimi, kwa sababu ya ubao, nikawa Looxle, mwenye ubao. Nilidhani nimeheshimiwa mpaka mkalimani wetu, Adan, aliponiambia kwamba walikuwa wamependekeza jina jingine linalohusu masikio yangu, akawasihi.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa fahari ya elimu ya juu. Nilianza na jina la ubingwa, refu kama treni ya mizigo. Kisha nikaandika kanuni ya kugawa pointi, yenye mabano ndani ya mabano. Chini yake raundi zote na nchi zake, halafu madereva, waelekezi wao wanaowasomea ramani, na ukubwa wa kila injini. Nilitumia chaki za rangi nne. Alasiri ngamia wa polisi alisimama hapo, akajikuna ubavu kwenye ubao kwa raha zake, akaondoka na raundi ya tatu na ya nne mwilini. Waliokuwa wamekaa kivulini walimfuata wakijifanya wanasoma.

"Usihuzunike, Looxle," Adan aliniambia. "Wewe ulitaka habari ziende kwa wananchi. Si hizo zinakwenda?"

Hilo ni somo la kwanza na sina aibu nalo: kabla ya kuandika chochote, jueni ubavu wa ngamia unafika wapi. Kwenye ubao kuna sehemu ambayo itafutika, na kwenye kijitabu kuna ukurasa ambao mtu atafungia samaki. Lililo muhimu lisikae hapo. Ninyi mmelikalisha chini ya tangazo la betri.

Adan alikuwa mtanashati, shati jeupe kila siku katika mji ambao vumbi lilikuwa na cheo, na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Alikuwa akijipenda na alikuwa na sababu. Siku tuliyokwenda kutangaza msimu katika kijiji kimoja kilichokuwa kando ya barabara ya Bura, Koofiyadle alihutubia mpaka jua likahama. Alisema juu ya injini, juu ya umoja wa mataifa yote, juu ya wenzetu wa Ulaya wanaokimbiza magari kwenye theluji. Alipotulia, Adan alisimama akasema maneno machache. Watu wakacheka.

"Umewaambia nini?" Koofiyadle akauliza.

"Yote, bwana. Kisomali ni lugha fupi."

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akaomba kuuliza. Adan akatufasiria.

"Anauliza, hao watu wanakimbizwa na nani?"

"Hawakimbizwi," nikasema. "Wanashindana."

"Wanakwenda wapi?"

"Wanazunguka, kisha wanarudi walikotoka."

Mzee alitafakari hilo kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wa jirani.

"Na wana kibali cha kutembea?"

"Wana kibali cha kimataifa," Koofiyadle akajibu kwa fahari.

Adan alipolifikisha hilo, hakuna aliyecheka. Mzee akasema neno moja, akakaa. Adan alikataa kulifasiri. Alisema ni la kidini.

Ndipo aliposimama Habiba. Huyu alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alikuwa akiuza chai kwenye kizuizi cha barabara, pale askari walipokagua wanaoingia na kutoka. Askari walimwogopa kwa sababu alikopesha chai na hakusahau. Kiswahili chake alikipata sokoni na kwa askari haohao, na alikitumia bila kukiomba ruhusa. Mimi nilimwita eeddo, shangazi, naye akaniita eeddo vilevile, maana kwao shangazi humrudishia mtoto jina lilelile analoitwa.

"Eeddo," akaniambia, "huko magari inatoka, mvua imenyesha?"

"Sijui, eeddo."

"Majani iko?"

"Magari hayali majani."

"Sijauliza inakula. Nauliza iko. Haya, maji ya hiyo magari, itakunywa wapi?"

"Ni petroli. Kituo hakijaandikwa."

"Njia, nani amepita akaona ni salama?"

"Kamati."

"Kamati iliona ama ilisikia?"

Nilitazama karatasi zangu. Zilikuwa na jina la baba wa kila dereva lakini hazikuwa na hilo.

"Looxle, wewe umeleta majina tu," akasema. "Majina ni ya mwisho. Mtu akitoka safari tunampa chai, tunamwambia, haya, toa habari. Anaanza na mvua. Halafu majani, halafu kisima, halafu mifugo, halafu njia na adui. Mwisho kabisa ndiyo nani ameoa nani. Wewe umeanza na harusi."

Nilifikiri ananionea, kumbe alikuwa akinieleza jambo ambalo kila mtoto wa hapo analijua. Mgeni huulizwa habari kwa mpangilio, na anapotoa lazima atenganishe aliloliona kwa macho na alilolisikia njiani. Akichanganya, haaminiwi tena hata akisema jua limechomoza. Watu wanaohama na ng'ombe wakifuata mvua ya mbali hawana nafasi ya mtangazaji anayependa sauti yake. Habari ikikosewa, mifugo inatembea kwa siku nyingi kufuata majani yasiyokuwepo.

Nilirudi ofisini nikafuta ubao wote. Upya nikaanza na hali ya njia na mvua katika kila nchi. Kisha tarehe na mahali, viwili hivyo pamoja kama mume na mke wanaosemezana. Kisha mafuta na maji. Kisha watu na mifugo wafanye nini siku hiyo. Madereva wakaja baadaye, na pointi, zile zenye mabano, zikaenda chini kabisa ambapo ngamia alikaribishwa. Pembeni nikachora safu mbili: yaliyoonwa na yaliyosikiwa. Mpango huo nimeutumia tangu siku hiyo mpaka soda na keki. Wahariri wa Nairobi walinisifu kwa ubunifu, nami, kwa kuwa nimesoma, nikakubali sifa. Kuna safu ya tatu pia. Hiyo nilijifunza baadaye, na nitaifikia.

Kabla sijaifikia, neno kuhusu saa, kwa sababu naona mmerudia kosa lilelile. Miaka mingi baada ya Garissa, waandaaji walituletea ratiba iliyosema gari la kwanza litapita kijiji fulani saa tatu. Walimaanisha saa tatu za ofisini, baada ya usiku wa manane, yaani saa tisa kwa mtu aliyelelewa vizuri. Mwenzangu mmoja akalitangaza redioni kama lilivyo. Wanakijiji wakafika saa tatu asubuhi, wamevaa nguo za sikukuu, na shule ikaja na ngoma. Magari yalikuwa yamepita gizani na kuua bata wawili. Mbunge aliyekuja na bendera hakutaka safari yake iharibike, akalipungia lori la mkaa. Kwa hiyo andikeni asubuhi, andikeni usiku, na mkiweza andikeni kabla ya jogoo.

Nirudi Garissa. Habiba alikuwa na ng'ombe. Mumewe alimwachia kundi kubwa, vita vikalipunguza, na waliobaki walikuwa ndani ya mpaka wa kijiji kile. Walitolewa kwenda kunywa maji chini ya ulinzi, kisha wakarudishwa upesi. Ilikuwa jilaal, kile kiangazi kirefu kinachotangulia masika, na majani yote ndani ya mpaka yalikuwa yameisha mpaka mizizi. Majani yalikuwepo, kando ya mto kuelekea Bura, ng'ambo ya kizuizi. Kila mara Habiba alipoomba kibali cha kupeleka ng'ombe huko, aliambiwa asubiri.

"Ng'ombe hajui kusubiri, eeddo," aliniambia akinimiminia chai. "Anajua kulala tu. Halafu haamki."

Hapo tayari walikuwa wameanza kulala. Asubuhi ungemwona Habiba na wanawake wenzake wakimshika ng'ombe mkia na pembe, wakimwinua asimame, kwa sababu aliyeshindwa kusimama asubuhi hiyo hangesimama tena. Wakishamwinua wanakwenda kwa mwingine.

Basi ikaja simu ya maandishi kutoka Nairobi. Njia ya mashindano imebadilishwa, kipande cha Bura na Garissa kimeondolewa kwa sababu za usalama. Magari yangepita mbali sana na sisi.

Kanuni ya kazi hii, ambayo ningependa muichanje mkononi, ni kwamba mabadiliko yanakaa juu. Habari ya zamani iliyofutwa ikikaa juu na habari mpya ikakaa chini, utakuwa umewaandikia watu uongo wenye sahihisho. Nilichukua kitambaa ili nifute. Koofiyadle akanishika mkono.

"Usalama gani?" akauliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta simu. "Hapa hakuna vita. Hapa kuna majambazi wachache. Tukiandika kwamba mbio zimeogopa kuja, shifta watasherehekea."

Kulikuwa na jambo jingine. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa kwamba atayapungia magari bendera yeye mwenyewe, na bendera ya mirabaraba alikuwa ameshaishonesha sokoni.

"Tarehe ibaki. Njia ibaki. Chini kabisa andika, herufi ndogo: huenda pakawa na mabadiliko madogo. Na katika ofisi hii asitokee mtu wa kusema kwamba magari hayaji."

Nikaandika chini kabisa, herufi ndogo. Elimu ya juu hukufundisha kuandika herufi za kila ukubwa.

Mji mzima ulijua kabla chaki haijakauka. Karani wa simu alikuwa akinywa chai kwa Habiba. Siku iliyofuata Habiba alikuja mbele ya ubao akamwambia Adan amsomee wote, polepole, kutoka juu mpaka chini. Alisikiliza mvua, tarehe, petroli. Adan alipofika kwenye amri ya mifugo, akamwambia arudie. Amri hiyo nilikuwa nimeitafsiri kutoka kwenye kanuni za waandaaji, neno kwa neno, bila kuifikiria: mifugo yote iondolewe kando ya barabara na kupelekwa mbali na njia ya magari, mpaka itakapotangazwa kwamba mashindano yamekwisha.

Habiba akaingia ofisini bila kubisha. Adan akamfuata, akisema amekuja kufasiri, ingawa hakuwa na la kufasiri. Alikuja kutazama.

"Bwana Mkubwa," Habiba akasema, "ile ubao inasema ng'ombe itoke kando ya barabara."

"Ndiyo, mama. Ni kanuni ya kimataifa."

"Kijiji yetu iko wapi?"

Koofiyadle alitazama ramani kama anayemtafuta mtoto wake sokoni. "Kando ya barabara."

"Nani aliiweka hapo?"

"Serikali."

"Basi sisi tunatii serikali. Ng'ombe itoke, iende mbali na njia. Mbali na njia ni mtoni."

"Hakuna haja hiyo, mama."

"Kwa nini? Magari haiji?"

Nataka muione ofisi hiyo. Nzi mmoja alikuwa akizunguka ndani ya kofia iliyokuwa mezani. Adan alikuwa akiipanga upya kalamu moja yenye wino kati ya zile mbili zisizokuwa nao. Koofiyadle alinitazama mimi, nami nikaitazama ramani kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha chuoni. Angesema hayaji, angekuwa amevunja amri yake mwenyewe mbele ya mwanamke ambaye kabla ya adhuhuri angeifikisha habari hiyo kwa kila kikombe. Angesema yanakuja, basi ng'ombe hawana budi kuondoka.

"Magari yanakuja," akasema.

"Haya. Andika karatasi."

Akaandika. Mifugo ya kijiji kile iruhusiwe kupita kizuizi na kukaa mtoni upande wa Bura, kwa ajili ya usalama wa mashindano, mpaka mashindano yatangazwe kwisha. Akapiga muhuri. Msinipe medali kwa hili. Sikufanya lolote, nalo ndilo jambo nililosomea miaka mitatu kwa fedha za umma.

Lililobaki lilikuwa kizuizi. Muhuri wa ofisi ya habari haukuwa kitu mbele ya bunduki, na kundi la ng'ombe likitembea nje ya mpaka lilikuwa linaweza kupigwa risasi kwanza na kusomewa karatasi baadaye. Mkuu wa kizuizi alikuwa Sajini Barasa, mtu mnene wa Bungoma aliyeipenda rali kuliko chakula, na alikipenda chakula. Alikuwa na redio ndogo na aliwajua madereva wote kwa majina, na hata waliopata mafua. Alikuwa na amri halali kutoka kwa wakubwa wake: siku ya mashindano kizuizi kifunguliwe alfajiri, na njia mpaka Bura iwe wazi. Amri hiyo hakuna aliyeifuta. Waliofuta mashindano hawakuwa wale waliofuta amri.

Siku ya kuamkia mashindano alinivuta pembeni.

"Looxle, nimesikia maneno. Kweli hawaji?"

"Siruhusiwi kusema, afande."

Akatazama barabara, nyeupe na tupu. Moyo wake ulikuwa umevunjika. Mtu mzima akivunjika moyo kwa ajili ya magari inasikitisha kuliko mnavyofikiri.

"Na hawa ng'ombe?"

"Wana karatasi."

"Naona wana karatasi. Nakuuliza wewe."

"Wasipopita kesho hawatapita tena, afande. Wengine hawasimami."

"Amri yangu inasema kufungua," akasema. "Haisemi kumfungulia nani. Nitawapigia simu wa doria ya Bura, niwaambie kundi linalokuja ni la mashindano."

Alfajiri Koofiyadle alikuwa barabarani, kofia kichwani, bendera ya mirabaraba mkononi, viatu vimeng'arishwa. Mimi nilikuwa na saa ya kupimia, kwa sababu aliniamuru niwe nayo. Jua likatoka, likaanza kazi. Mara vumbi likainuka.

"Hao," Koofiyadle akasema, na nadhani kwa muda mfupi aliamini. Lakini vumbi lilikuwa linatoka upande usio wa pwani, na lilikuja kwa mwendo wa mazishi.

Habiba alikuwa mbele na fimbo. Nyuma yake ng'ombe wakatokea mmoja mmoja, mbavu zikihesabika, wengine wakiegemea wenzao, na wanawake wakiwasukuma kwa mabega waliotaka kulala. Sajini Barasa akainua gogo la kizuizi. Askari wake wakasimama wima. Ng'ombe wa kwanza alikuwa mwekundu, pembe moja imevunjika, na alipofika sawasawa na Koofiyadle, mkono wa mkubwa wangu ukashuka na bendera ikapiga. Sijui kama ulichoka au ulizoea mazoezi. Sajini akapiga saluti. Nami, Mungu nisamehe, nikabonyeza saa.

Wote walipita. Mmoja alilala mita chache baada ya kizuizi, na askari wawili waliweka bunduki chini wakamwinua kwa mkia na pembe kama walivyowaona wanawake wakifanya.

Jioni Koofiyadle aliniambia nitangaze kwamba mashindano yamekwisha. Nikamuuliza niandike mshindi nani. Akavaa kofia, akaondoka. Siku ya pili Habiba akapita kutoka mtoni.

"Eeddo, magari imefika?"

"Bado."

"Basi usifute."

Sikufuta. Kila wiki Koofiyadle alitoka, akasimama mbele ya ubao, akasoma mstari wa mifugo, akarudi ndani. Kutangaza kwisha kwa kitu ambacho hakikuanza ni kazi ngumu hata kwa ofisi ya habari.

Sasa msinichekee mpaka mkasahau hili. Ilikuwa kijiji kimoja tu kilichopita, kile kilichokuwa kando ya njia ya magari. Vijiji vya ndani havikuwa kwenye ubao wangu. Mahali pao palikuwa peusi, kwa sababu hakuna gari ambalo lingepita huko, na asiye kando ya njia hakuwa na amri ya kutii. Nilikwenda huko na gari la kipaza sauti kabla tu ya mvua. Niliyoyaona niliyaona kwa macho: mazizi yaliyojaa mifupa, na watu wamekaa wakiyatazama. Tulikuwa tumetumwa kutangaza msimamo wa pointi. Adan alichukua kipaza sauti, akakirudisha bila kukiwasha.

Mvua ilikuja usiku na kuchapa mji mpaka asubuhi. Nilipofika ofisini ubao ulikuwa umeoshwa wote, jina refu, tarehe, mifugo, na zile herufi ndogo za chini. Ng'ambo na ng'ambo ya barabara ardhi ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hakuna ng'ombe aliyehitaji kizuizi tena.

Koofiyadle alitoka bila kofia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa jela.

"Andika," akasema. "Juu kabisa, herufi kubwa: mashindano ya Garissa yameahirishwa kwa sababu ya mvua."

Basi nikaandika. Ndiyo mara ya kwanza katika kazi yangu kuweka mabadiliko mahali pake, juu kabisa, yakaonekana na mtu wa mbali. Habiba alikuja na birika lake, shuka imelowa, akamwambia Adan amsomee. Alisikiliza, akanigeukia.

"Eeddo, hiyo uliona ama ulisikia?"

"Niliamriwa."

Akanimiminia chai, akaketi juu ya sanduku la chaki.

"Basi chora mahali yake," akasema. "Isikae na zile zingine."